Pazia la Sikudhani

Gari la madaktari lilikuwa limekwisha kuonekana ng'ambo ya ziwa kavu, na wingu jeupe la chumvi nyuma yake, wakati Sikudhani aliponiambia neno lile kuhusu giza lake.

Sikwenda kwake kusikiliza habari za giza. Nilikwenda kuchukua mkeka. Watu saba wa kijiji chetu cha Mghunga walikuwa watiwe macho siku ile, na wote saba walihitaji pa kukaa nje ya hema la madaktari. Mkeka mkubwa ulikuwa chumbani kwake, kwa kuwa ndiye aliyeusuka. Nyumba yetu ni moja. Mlango wangu unatazama mashariki, wake magharibi, na uani tunagawana jiko na kimya. Mume wetu, marehemu Issa Ntandu, alituacha hivyohivyo, mke mkubwa na mke mdogo, huu mwaka wa sita.

"Mkeka uko nyuma ya mtungi," alisema nilipobisha hodi. "Leo mnawafungua watu macho."

"Mungu akipenda."

"Na mimi mtanifungua mdomo tu, niwapigie vigelegele."

Alikuwa ameketi kizingitini, uso ameuelekeza juani. Jicho lake la kulia lilikwisha tangu utotoni kwa surua. La kushoto ndilo lililobaki, nalo lilikuwa jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, kama yalivyo macho ya nusu ya kijiji tangu ziwa likauke na chumvi ianze kuruka. Mimi ndiye niliyelipima jicho hilo mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyemwambia limekataliwa.

Nikaupita mguu wake, nikaanza kukunja mkeka.

"Nisikilize, Bi Mkubwa. Nikuulize wewe uliyesomea. Pazia likishang'oka ndani ya jicho, hutembea?"

"Litembeeje?"

"Mimi nikiamka asubuhi ni giza tupu, hata mlango uko wapi sijui. Nikikaa kitako hivi, mpaka chai ichemke, giza linapanda. Linapanda taratibu, kama mtu anakunja pazia la dirisha. Halafu hapa chini napata mwanga wangu kidogo. Nikijilaza tena mchana, linarudi."

Mkeka ukanitoka mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu yule mbuzi anipige pembe nikimkamua. Si nilianza kukueleza siku ile unanipima? Ukaniambia, 'Nyamaza, Popo hataki maneno.'"

Ni kweli nilimwambia hivyo.

Niseme hapa jinsi mambo yalivyo. Jicho ambalo kioo chake cha mbele kimeziba kwa chumvi, hata daktari na tochi yake haoni kitu ndani. Ndipo tukaletewa Popo. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kina waya na skrini ndogo, nami nilikivaa shingoni. Unapaka ute wa baridi juu ya kope iliyofumba, unamweka Popo hapo, naye anatoa sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Sauti inaingia jichoni, inagonga, inarudi, na Popo anachora alichokisikia kwa mistari myeupe. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga. Huo ndio tunaouita pazia. Likiwa limelala ukutani mwake, mtu hutiwa kioo hai mbele ya jicho, akaona. Likiwa limeng'oka na kuning'inia, kumtia kioo ni sawa na kuweka dirisha kwenye ukuta usio na chumba nyuma yake. Popo hutoa hukumu, hukumu hufika mkoani dakika ileile, na jicho lililokataliwa haliandikwi tena maisha. Vioo hai ni vichache, macho meupe ni mengi.

Kuna hila moja tu. Damu ikivuja ndani ya jicho na kutulia, inaweza kujitandaza ikafanana na pazia lililong'oka, mstari kwa mstari. Mwalimu aliyetufunza Popo alilirudia hilo siku tatu. "Pazia hata likining'inia limeshikwa kwenye mzizi," alisema. "Haliendi mbali. Damu haina mzizi. Mwambie mgonjwa azungushe jicho, juu, chini, kulia, kushoto. Kinachozagaa ni damu."

Na kinachopanda na kushuka mtu akikaa na kulala, kitu gani kingine?

"Basi nieleze, hutembea?" Sikudhani aliuliza.

"Ngoja," nikasema. "Nakuja."

*

Popo alikuwa kwenye kikapu chake juu ya kabati langu, pamoja na msahafu. Nilirudi naye mbio. Gari lilikuwa limefika kwenye minyaa ya mwisho. Nilisikia watoto wakishangilia.

"Lala chali," nikamwambia.

"Nilale wapi?"

"Hapohapo mkekani. Chali, mikono ubavuni, ufumbe jicho."

Sikudhani akacheka, cheko la puani. "Wewe? Unilaze wewe? Mbona unanikimbilia na roho bado imo?"

Sikumlaumu. Mimi ndiye mwosha wa kijiji hiki upande wa wanawake. Akifariki mama wa mtu naitwa mimi, na hapana mwanamke wa Mghunga asiyejua kwamba siku moja atalazwa chini ya mikono hii, macho yamefumba, maji yakimpita usoni. Msimu wa kwanza wa Popo nilifanya kama karatasi ilivyoagiza: mgonjwa alale chali. Bibi wa kwanza, ute wa baridi ulipomgusa kope nami nimemwinamia na kitambaa begani, aliruka kama samaki. "Ananiosha!" akapiga kelele mpaka nje. "Ananiosha nami ninapumua!" Tangu siku ile nikawa nawakalisha kigodani, wanawake kwa wanaume. Karatasi ilisema chali, lakini karatasi haikujua mimi ni nani.

"Sikudhani, kwa haki ya Mungu, lala. Kuna kitu nataka kukiona."

Labda ni sauti yangu. Akajilaza polepole, akiupapasa mkeka kama anayeogopa shimo. Nilimpaka ute. Nikamweka Popo.

"Jicho hili limekwisha kuhukumiwa," Popo alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Naonyesha tu. Siandiki."

"Onyesha."

Mwezi uliopita, Sikudhani akiwa amekaa, nilikuwa nimeona mstari mweupe mnene umekatiza chini ndani ya jicho, na Popo akasema pazia limeng'oka. Sasa mstari ule haukuwapo. Mahali pake kulikuwa na vumbivumbi jeupe limeshuka nyuma kabisa, limetua.

"Tazama juu. Usifumbue, zungusha tu. Sasa chini. Kulia. Kushoto."

Likazagaa lote. Likazunguka ndani ya jicho kama machicha ya chai mtu anapokoroga, likawa linatua upya. Na nyuma yake, pale lilipopisha, nikaliona pazia lenyewe. Limelala. Limenyooka kama shuka la mgeni.

Nikamwondoa Popo.

"Umeona nini?" Sikudhani aliuliza. Ute ulikuwa unamtiririka sikioni. Hakuufuta.

"Nitazungumza na daktari kwanza."

"Zungumza na mimi. Jicho ni langu."

Nikauvuta mkeka kutoka chini yake, nikauweka begani, nikatoka. Alibaki chini palepale kwenye udongo, ananiita kwa jina langu tupu, "Zena! Zena!" Mambo ya "Bi Mkubwa" yalikuwa yamekwisha.

Sikuweza kumjibu, kwa kuwa mimi nilijua la zaidi. Kumkalisha halikuwa kosa lenyewe. Kila mtu nilimkalisha, lakini kila mtu nilimwambia azungushe jicho, na ndani ya jicho linalozunguka damu haijifichi, hata mtu akiwa amekaa, hata akiwa juu ya punda. Popo huuliza kabla ya kuhukumu: "Amezungusha?" Nawe unajibu ndiyo au hapana. Siku ya Sikudhani, Popo aliniuliza. Nikajibu ndiyo.

Sikuwa nimemzungusha.

*

Hema lilikuwa limesimama nilipofika. Daktari Perusi, mama mwembamba asiyekaa chini tangu ashuke garini mpaka apande, alikuwa anakagua sanduku la baridi. Kifuniko chake kilikuwa na taa ya kijani. Vioo hai vilikuwa nane ndani, saba vya wenyewe na kimoja cha akiba, endapo kimoja kitachanika mkononi. Vilitoka mkoani alfajiri. Ikifika alasiri, kisichokuwa ndani ya jicho la mtu kimekufa.

Nilitandika mkeka. Wakakaa wale saba, nyuso safi, kila mmoja na ndugu yake wa kumshika mkono. Wa kwanza Mzee Kitiku, mdomo mbele kama kawaida.

"Nikifunguliwa tu," alikuwa anawaambia wenzake, "wa kwanza kutazamwa ni yule beberu wangu. Nataka kujua kama shemeji alinilipa yule niliyempapasa, au alinibadilishia."

"Na mkeo je?" mtu akamuuliza.

"Mke namjua. Huyo hakuna wa kunibadilishia."

Walicheka. Aliyekaa pembeni yake, Mwashabani, hakucheka. Alikuwa anamnyonyesha binti yake wa miezi minne, na kidole chake kilikuwa kinapita usoni mwa mtoto, pua, mdomo, nyusi, pua tena. Uso ule hajapata kuuona.

Nilikwenda kusimama karibu na daktari. Nikaondoka. Nikaenda kunyoosha mkeka ambao haukujikunja. Nikarudi.

Nilikuwa na njia tatu, na nilizipita zote tatu pale nikizunguka hema. Ya kwanza, ninyamaze. Sikudhani hana mtoto wa kumlea. Jicho likibaki limekataliwa angerudi kwa kaka zake huko Kondoa, na ua ungekuwa wangu peke yangu, mlango wa mashariki na wa magharibi. Niliiona njia hiyo ilivyonyooka, nikasema astaghfirullah, nikaiona tena. Ya pili, niseme nilikosea kwa kumkalisha. Hilo ni kosa la huruma, nani hatalielewa? Ya tatu nilikuwa siitazami.

"Mama, una jambo?" Daktari Perusi aliniuliza. Alikuwa na glavu moja mkononi. "Unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Kuna jicho nililolikataa, Daktari, ambalo halikustahili kukataliwa."

Glavu ya pili hakuivaa. "La nani?"

"La Sikudhani. Mke mwenzangu."

Mtu mkekani akaguna.

"Umejuaje?"

"Nimempima leo amelala chali. Ni damu. Inatembea. Pazia lake zima."

"Na mara ya kwanza ulimpimaje?"

Nikashika ile njia ya pili. "Nilimkalisha. Watu wetu hawapendi kulala chali mbele yangu, Daktari. Mimi ndiye ninayewaosha wakifa. Wanaona kama nawaanzia mapema."

"Ni kweli kabisa!" akadakia Mzee Kitiku. "Mimi ni mwanamume, haniogeshi yeye, lakini hata mimi siku ile nilisema silali. Usimlaumu Bi Zena, Daktari. Ametuhurumia."

"Ametuhurumia," wengine wakaitikia. "Mama wa watu."

Maneno yale yalinishuka kifuani kama uji wa moto siku ya baridi. Kwa kitambo kidogo nilijiona hivyo kweli, mtu aliyekosa kwa kuwapenda watu.

Daktari Perusi hakuitikia. "Wote umewapima wamekaa?"

"Wote."

"Hawa saba pia?"

"Nao."

Akaivua ile glavu. Akaweka mkono juu ya kifuniko cha sanduku, akakishusha mpaka kikalia.

"Basi siwezi kumgusa mtu hapa," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sheria iko wazi. Mpimaji akikiri kosa la namna ya kupima, vipimo vyake vyote vya msimu vinasimama. Lazima waje kupimwa upya na mpimaji mwingine; mimi ninayetia vioo siruhusiwi kujipimia msimu mzima. Hata waliokubaliwa, maana anayemkataa mzima anaweza pia kumkubali mbovu. Tutarudi msimu ujao."

"Msimu ujao ni miezi sita!" mtu akalia.

"Na hivyo vilivyomo ndani?" Mzee Kitiku aliuliza. Mzaha ulikuwa umemtoka sautini.

"Vitakufa njiani, mzee wangu. Pole."

Mwashabani akainuka na mtoto kifuani. Hakujua daktari amesimama wapi, akayaelekeza maneno kwenye nguzo ya hema. "Daktari, huyu miezi sita ijayo atakuwa anatembea. Mimi nataka kumwona angali hivi."

Dereva akaanza kulegeza kamba ya hema.

Nataka kusema niliongea mara moja. Sikuongea. Niliitazama ile kamba ikilegea, nikawaza: nikinyamaza sasa, watu saba watakwenda nyumbani na giza lao, na bado wataniita mama wa watu. Watailaumu sheria. Nikisema, kila mmoja ataona leo, na atakachokiona kitakuwa mimi.

Kamba ya pili ikafunguliwa.

"Usifunge, Daktari."

"Mama, si mimi. Ni sheria."

"Hawa saba niliwazungusha macho. Wamekaa, lakini niliwazungusha, juu, chini, kulia, kushoto. Waulize."

"Alinizungusha mpaka nikapata kizunguzungu," alisema Mzee Kitiku upesi. Wengine nao wakasema ndiyo, alituzungusha.

Daktari Perusi akafungua skrini yake, akapitisha kidole. "Naona. Kwa kila mmoja Popo ameandika ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Lakini hata huyo wa kukataliwa ameandikiwa ndiyo. Kama ulimzungusha naye ukakosea, basi kuzungusha kwako hakutoshi, na tumerudi palepale."

"Ndiyo yake ni ya uongo."

"Unasema?"

"Ndiyo ya Sikudhani ni ya uongo. Yeye sikumzungusha. Popo aliniuliza, nikamjibu ndiyo. Yeye peke yake."

Dereva akaacha kamba.

"Kwa nini yeye peke yake?" Daktari aliuliza, taratibu, kama anayepima kina cha maji kwa mti.

Nimesimama mbele ya maiti nyingi maishani mwangu na sijawahi kukosa la kusema. Kuna dua zake, ziko kwa mpangilio. Kwa hili hapakuwa na dua.

"Kwa sababu nilitaka aondoke mbele yangu," nikasema. "Siku ile alikuja amejifunga kanga ya maua mekundu. Marehemu alimletea kutoka Kondoa, mwaka ambao mimi hakuniletea kitu. Ameitunza mpaka leo. Nikaona amekuja nayo makusudi. Nikampaka ute, nikaona ule mstari, nikasema moyoni, basi, yatosha, ainuke. Sikumtakia upofu, Daktari. Nilimtakia tu ainuke."

Hakuna aliyesema mama wa watu.

"Ile ya maua mekundu?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Sikudhani alikuwa amesimama penye kona ya hema, mkono mmoja bado umeshika minyaa ya ua aliyoifuata mpaka pale, ute umemkaukia shavuni. Sijui alifika saa ngapi. Alifika mapema ya kutosha.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Zena. Ile kanga alininunulia fidia." Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Aliniunguzia yangu kwa kiko chake! Alisinzia kitandani na kiko kinywani, kanga ikatoboka tundu la kupitisha kichwa, nikamnunia wiki mbili, ndipo akaenda kununua nyingine. Jicho langu! Jicho moja nililobakiwa nalo, ukalitupa kwa kanga ya fidia!"

Mtu mmoja mkekani alianza kucheka, akajizuia. Sikudhani alikuwa analia. Jicho lile jeupe lilikuwa linatoa machozi sawa na la mtu yeyote.

*

Daktari Perusi aliongea na mkoa dakika kumi, ametugeuzia mgongo. Aliporudi alisema: kwa kuwa kosa ni la jicho moja na mpimaji amelitaja kwa kinywa chake mbele ya watu, wale saba wanabaki. Jicho la Sikudhani litapimwa upya papo hapo, kwa ruhusa ya jicho hilo moja, daktari mwenyewe akiwa shahidi. Likifaa, kile cha akiba ni chake, na atakuwa wa mwisho. Nami baada ya hapo sitampima mtu.

"Nitampima mimi," akaongeza, akanyoosha mkono apewe Popo.

"Hapana," alisema Sikudhani. "Anipime yeye."

"Mama, si lazima..."

"Mkono ulionikataa ndio huohuo unikubali. Hapa, watu wakisikia. Halafu sitaki kuuona tena."

Alilazwa kwenye kitanda cha turubai. Hakubisha kulala chali. Nilimpaka ute, na niliona jinsi alivyouma meno kidole changu kilipomgusa kope.

"Tazama juu," nikasema. Daktari alikuwa begani kwangu. "Tazama chini. Kulia kwako. Kushoto kwako. Tena juu."

Vumbi jeupe likazagaa, likapisha. Pazia likabaki.

"Amezungusha?" Popo aliuliza.

"Ndiyo."

"Pazia limelala."

"Damu itakauka yenyewe," Daktari Perusi alisema, akimwambia Sikudhani, si mimi. "Miezi miwili, mitatu. Utaanza kuona wavu mweusi, kisha wavu utatatuka. Usilale chali. Lala umeinua kichwa."

Ukanda wa Popo ulikuwa umenaswa kwenye mtandio wangu. Daktari alijaribu kuuvua, ukagoma, nikainama nikamsaidia kuuvua.

Nilikaa nje juani mpaka shughuli ikaisha. Hakuna aliyenifukuza mkekani, lakini niliposogea, pale nilipokaa palipanuka pande zote. Mwashabani alitolewa wa tatu, bendeji jichoni, anauliza kila hatua mtoto yuko wapi. Mzee Kitiku alinipita kimya. Ndugu zao waliwashika mikono, wakaondoka mmoja mmoja kwenye upepo wa chumvi, mkono wa mwenye kuona mbele, mkono wa mwenye kufungwa nyuma.

Nikaswali adhuhuri nyuma ya gari. Nilipotoa salamu sikujua niombe nini, nikakaa.

Sikudhani alitoka wa mwisho. Walikuwa wamemfunga kichwa chote upande wa kushoto, na kwa kuwa la kulia halikuwa kitu, alikuwa gizani kabisa, mara hii kwa amri ya daktari, siku tatu. Alisimama mlangoni mwa hema, mkono ameunyoosha mbele kidogo.

"Nani ananipeleka nyumbani?" aliuliza.

Dereva alikuwa anapakia sanduku tupu. Daktari alikuwa ananawa. Watu wengine wote walikuwa wameshakwenda.

"Yupo mtu hapo?"

"Nipo mimi," nikasema.

Mkono ukashuka. Nilidhani atakaa chini palepale asubiri siku tatu ziishe.

"Usinishike," alisema hatimaye.

"Sikushiki."

"Wala usiniongeleshe."

"Sawa."

"Tangulia. Buruta ndara, nisikie uendako."

Nikatangulia. Nikaburuta ndara zangu kwenye ile chumvi kama msichana mvivu anayetumwa maji, mwendo ambao mama yangu alinipigia makofi nikiwa mdogo. Nyuma yangu nilisikia mguu wake ukijaribu, ukisimama, ukifuata. Penye korongo nikasita, nikapiga mguu chini mara mbili, hapa kuna shimo. Akasimama. Akapapasa ukingo kwa kidole cha mguu, akavuka.

Upepo ukazidi. Chumvi ikawa inatupiga migongoni na kufuta kila sauti.

"Zaidi," alisema nyuma yangu.

Nikaburuta zaidi.